Namna ya Kuonja Txakoli, Mvinyo Mweupe Mkali wa Wabaski: Mwongozo Kamili

Mtu akiionja txakoli kwa utaratibu anaoutumia kwa mvinyo mwingine mweupe, yaani kuzungusha glasi, kunusa kwa muda mrefu na kusubiri harufu ijitokeze, huenda akamaliza glasi akidhani ameuziwa maji ya ndimu yenye kileo kidogo. Huu ni mvinyo wa ulimi, mate na chakula cha baharini kuliko mvinyo wa pua. Mwonjaji anayetaka kuutendea haki hana budi kugeuza utaratibu wake: pua ipewe dakika chache, mdomo upewe muda mrefu, na hukumu ya mwisho itolewe chakula kikiwa mezani. Mwongozo huu unaeleza hatua hizo moja baada ya nyingine, pamoja na sababu zake, kwa sababu asiyejua kwa nini mvinyo huu ni mkali hawezi kutofautisha ukali unaotakiwa na ukali wa kasoro.

Kwanza matamshi, ili msomaji asione haya dukani. Herufi tx za Kibaski hutamkwa ch, kwa hiyo jina la mvinyo ni "chakoli". Tz hutamkwa ts, na Getaria, mji utakaotajwa sana hapa, hutamkwa kwa g ya gari.

Mvinyo wenyewe na zabibu yake

Txakoli hutengenezwa katika mikoa mitatu ya Wabaski kaskazini mwa Hispania, miwili ikiwa kwenye ufuko wa Ghuba ya Biskaya na mmoja ukiwa bara. Kila mkoa una jina la asili linalolindwa kisheria: Getariako Txakolina ya Gipuzkoa ilitambuliwa mwaka 1989, Bizkaiko Txakolina ya Bizkaia mwaka 1994, na Arabako Txakolina ya Araba mwaka 2001. Kabla ya miaka hiyo mvinyo huu ulikaribia kutoweka. Magonjwa ya ukungu, pamoja na mdudu filoksera anayeshambulia mizizi ya mizabibu, yaliangamiza mashamba mengi ya Ulaya katika karne ya 19, na kilichosalia katika vilima hivi kilikuwa kinywaji cha wakulima, kikali kupita kiasi, kilichonywewa nyumbani na katika vilabu vya jirani. Kilichouokoa ni matangi ya chuma cha pua, upoozaji wa kisasa, na ukaidi wa familia chache ambazo hazikung'oa mizabibu yao.

Zabibu kuu inaitwa Hondarrabi Zuri, jina linalohusishwa na mji wa Hondarribia ulio mpakani na Ufaransa. Zuri kwa Kibaski ni nyeupe, na ndugu yake mwekundu huitwa Hondarrabi Beltza, yaani nyeusi. Nje ya nchi ya Wabaski hulimwa kwa nadra sana. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba wakulima wamekuwa wakitumia jina hilo kwa aina zaidi ya moja, mojawapo ikiwa Courbu Blanc ya kusini magharibi mwa Ufaransa na nyingine Crouchen. Jambo hili lina maana kubwa kwa mwonjaji, kwani humkataza kutafuta harufu moja maalumu ambayo ingekuwa alama ya zabibu hii. Alama ya txakoli iko kwenye umbo lake mdomoni, na umbo hilo hutokana na hali ya hewa pamoja na namna ya utengenezaji zaidi kuliko damu ya zabibu.

Getaria ni mji mdogo wa wavuvi, alikozaliwa Juan Sebastián Elcano, nahodha aliyekamilisha safari ya kwanza ya kuizunguka dunia mwaka 1522. Mashamba yake yapo kwenye miteremko inayoitazama bahari. Mvua hunyesha milimita 1,500 na zaidi kwa mwaka, kiasi ambacho wakulima wengi wa zabibu duniani wangekiogopa. Ndiyo maana kwa desturi mizabibu ya huko haiachwi karibu na ardhi. Hupandishwa kwenye vichanja vya nguzo na nyaya vinavyozidi kimo cha mtu, majani yakafanya dari na vishada vikaning'inia chini yake, ili upepo wa baharini upite na kukausha unyevu kabla ukungu haujashika. Wakati wa mavuno, kati ya Septemba na Oktoba, wachumaji hutembea chini ya dari hiyo mikono ikiwa juu. Jua ni haba na joto si kali, hivyo zabibu huiva polepole na hubaki na asidi nyingi, hasa asidi ya maliki, ile inayolifanya tufaha bichi liwe kali. Watengenezaji wengi huwazuia bakteria wasiigeuze asidi hiyo kuwa asidi laini ya maziwa, kama inavyofanywa kwa mivinyo mingine mingi, na matokeo yake ni kwamba ukali wote unafika kwenye glasi.

Jambo la mwisho la kujua ni gesi. Mvinyo huchachuka katika matangi yaliyofungwa na kupoozwa, hukaa juu ya mashapo ya hamira, kisha hutiwa chupani mapema, mara nyingi kabla mwaka wa mavuno haujapita sana. Baridi hiyo huifanya sehemu ya kabonidayoksaidi iliyozaliwa wakati wa uchachukaji ibaki ndani ya mvinyo. Haitoshi kuufanya mvinyo wa povu, ila inatosha kuuchoma ulimi kidogo. Kwa desturi, mvinyo mpya wa Getaria hutolewa kwa umma siku ya Mtakatifu Antoni, tarehe 17 Januari.

Hatua ya kwanza: kuchagua chupa na kusoma lebo

Tazama kwanza mwaka wa mavuno, ambao kwa Kibaski huandikwa kando ya neno uzta. Kwa txakoli ya kawaida, nunua ya mwaka wa karibuni kabisa unaopatikana. Ikivuka miaka miwili au mitatu dukani, gesi huwa imepungua na ule ubichi uliokuwa uhai wake umekwisha. Wapo watengenezaji, hasa wa Bizkaia, wanaouacha mvinyo juu ya mashapo kwa miezi mingi ili uweze kudumu, na chupa hizo hazihukumiwi kwa kanuni hii. Tatizo ni kwamba zote mbili huuzwa kwenye rafu moja. Lebo ya nyuma ikitaja mashapo au pipa, au bei ikiwa imezidi sana ya jirani yake, huenda ni ya aina hiyo ya pili.

Pili, tazama jina la asili. Anayeanza namshauri aanze na Getariako Txakolina, kwa sababu ndiyo yenye gesi inayosikika zaidi na ukali ulio wazi zaidi, na kwayo atajifunza haraka. Txomin Etxaniz na Ameztoi ni majina mawili ya Getaria yanayopatikana nje ya Hispania. Kwa upande wa Bizkaia, Itsasmendi na Doniene Gorrondona yanafahamika. Tatu, tazama kileo: asilimia 11 au 12 ndicho kiwango cha kawaida. Chupa yenye kileo kilichozidi hapo sana huenda ilitokana na mwaka wenye joto, nayo itakuwa nzito kuliko unavyotarajia.

Wasomaji wanaoishi Ulaya au Marekani hawatapata shida kubwa kuipata. Aliye Afrika Mashariki anaweza kulazimika kuiagiza, na akishindwa, Vinho Verde nyeupe ya Ureno, ambayo nayo ina gesi kidogo na kileo cha chini, itamfaa kwa kujizoesha hatua zote zinazofuata, ingawa kwa kawaida ni laini zaidi na wakati mwingine huwa na sukari kidogo.

Hatua ya pili: kuuandaa mdomo

Onja kabla ya mlo, si baada yake, na usipige mswaki wala kunywa kahawa katika saa iliyotangulia. Chumba kisiwe na udi, manukato wala harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Hayo ni ya kawaida kwa mvinyo wowote. Lililo la pekee kwa txakoli ni kuufundisha ulimi mapema hisia nne utakazozitafuta, kwa sababu katika mvinyo huu hisia hizo huja karibu pamoja na mtu asiyezoea huziita zote "ukali".

Andaa bilauri nne ndogo zenye maji ya kunywa. Ya kwanza itie kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu: hii ni asidi, nayo utaisikia pembeni mwa ulimi, mate yakibubujika kutoka chini ya mashavu. Ya pili iwe maji ya soda yasiyo na sukari wala ladha: huo ni mchomo wa gesi, unaosikika kwenye ncha na juu ya ulimi kisha ukatoweka upesi. Ya tatu itie chumvi kiasi cha ncha ya kisu tu, mpaka uhisi kwa shida kwamba chumvi ipo. Ya nne ikiwezekana iwe maji ya toniki yaliyozimuliwa sana, yaani toniki kidogo ndani ya maji mengi, kwa ajili ya uchungu, ambao huchelewa kufika na hukaa nyuma karibu na koo. Onja kila moja polepole, suuza mdomo, kisha rudia ile ya kwanza na ya pili kwa kufuatana, maana kutofautisha mchomo wa asidi na mchomo wa gesi ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika uonjaji huu. Zoezi hili linaonekana la kitoto, lakini nimewaona watu wazima wenye uzoefu wa mivinyo ya bei kubwa wakishindwa kuzitenganisha hizo mbili.

Hatua ya tatu: joto la mvinyo na vyombo

Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 8 na 10 za Selsiasi. Chupa iliyolala kwenye jokofu kwa saa tatu hivi huwa chini kidogo ya hapo, na hilo si kosa, kwani ikimiminwa hupata joto yenyewe. Anayeharakisha aizamishe chupa kwenye ndoo yenye barafu na maji kwa dakika 20. Barafu pekee bila maji hupooza polepole zaidi kwa sababu hewa hubaki kati ya vipande. Katika nyumba yenye joto la mwambao, mimina kidogo kidogo na uirudishe chupa barafuni kila mara. Mvinyo huu ukipata joto gesi hutoka, na ukali uliokuwa unachangamsha hugeuka kuwa ukali unaokera, hivyo mtu anaweza kuibadili chupa njema kuwa mbaya kwa kuiacha tu juani.

Andaa vyombo vya aina mbili. Cha kwanza ni glasi ya kawaida ya mvinyo mweupe, yenye mguu na mdomo uliobanwa kiasi. Cha pili ni bilauri pana ya kioo chembamba, isiyo na mguu na yenye kuta zilizonyooka, ambayo ndiyo chombo cha baa za Wabaski. Vyote vioshwe kwa maji ya moto na kusuuzwa vizuri, kwa maana mabaki ya sabuni huua viputo na kuleta harufu yake. Weka pia chombo cha kutemea. Wanaoonja kwa kazi hutema, na anayetarajia kuendesha gari hana hiari katika jambo hili.

Hatua ya nne: kufungua na kutazama

Fungua chupa bila kuitikisa. Hutasikia mlipuko, ukisikia pumzi ndogo tu ya gesi, hiyo ni dalili njema, na usiposikia kitu usihofu bado. Mimina mililita 50 hivi katika glasi yenye mguu, ukiinamisha glasi ili mvinyo uteleze ukutani na gesi isipotee.

Weka karatasi nyeupe nyuma ya glasi. Rangi inatakiwa iwe hafifu sana, njano iliyopauka yenye mwanga wa kijani ukingoni. Njano iliyoiva au inayoelekea kahawia katika chupa changa inaashiria kwamba hewa imeingia. Kisha tazama viputo: katika chupa ya Getaria utaona vidogo sana vimeng'ang'ania ukuta na kitako cha glasi, vingine vikipanda mmoja mmoja bila kufanya mnyororo. Katika nyingi za Bizkaia na Araba vitakuwa vichache au havipo kabisa, na hiyo ni tabia ya mahali, si upungufu. Hapa panatosha, rangi ya txakoli haina mengi ya kusema.

Hatua ya tano: kunusa, kwa ufupi

Nusa mara ya kwanza bila kuzungusha glasi, pua ikiwa juu ya ukingo na si ndani, maana gesi huweza kuichoma pua na kuitia ganzi kwa muda. Kinachotarajiwa ni harufu za kijani na za baridi: maganda ya ndimu, balungi, tufaha la kijani, pea isiyoiva, nyasi zilizokatwa, wakati mwingine maua meupe, na nyuma yake kitu cha hamira au unga mbichi kutokana na mashapo. Baada ya hapo zungusha glasi mara mbili tatu tu, nusa tena, na uandike maneno matatu. Ukitafuta la kumi utaanza kubuni.

Kasoro, hata hivyo, hutambulika hapa hapa kwenye pua, na hizo zinastahili uangalifu. Harufu ya kiberiti kilichowashwa, au hata ya yai linaloanza kuharibika, huweza kujitokeza katika dakika za mwanzo kwa sababu mvinyo huu hutengenezwa mbali na hewa. Zungusha glasi, subiri dakika tano, na ikiondoka lisahau jambo hilo. Harufu ya boksi la karatasi lililoloa au ghala lenye ukungu hutoka kwenye kizibo kilichoharibika, nayo haiondoki bali huzidi. Irudishe chupa dukani. Harufu ya tufaha lililochubuka na kugeuka kahawia ni ya mvinyo ulioingiwa na hewa. Siki na rangi ya kucha ni za mvinyo ulioshambuliwa na bakteria. Msomaji asichanganye siki na asidi: siki hupanda puani na kukereketa, ilhali asidi ya zabibu haina harufu, hukaa mdomoni.

Hatua ya sita: mdomoni

Hii ndiyo hatua ambayo kila kitu kingine kinaiandalia njia. Chukua funda la kiasi cha kijiko kimoja cha chakula, liache likae juu ya ulimi kwa sekunde mbili bila kulisogeza, na usikilize. Kitu cha kwanza kufika ni gesi: mchomo mdogo kwenye ncha ya ulimi ambao unatakiwa uwe laini, wa kutekenya zaidi kuliko kuchoma, na utoweke ndani ya sekunde chache. Mchomo ukiwa wa viputo vikubwa vinavyopasuka na kujaza mdomo, usawa wa mvinyo umepotea.

Sasa lisogeze funda pembeni na uliache liguse fizi. Asidi itafika kwa nguvu. Mara nyingi txakoli huwa na asidi ya gramu 6 hadi 8 kwa lita, na katika mvinyo usio na sukari ya kuifunika kiasi hicho husikika chote. Usijiulize kama ni kali, kwa kuwa ni kali. Jiulize ni kali kwa namna gani. Asidi njema huingia upesi, huyaita mate, kisha huuacha mdomo safi na wenye hamu ya funda jingine. Asidi mbaya huyatia meno ganzi, hukwama kwenye fizi na huacha hisia ya ukavu. Kipimo chepesi ni hiki: baada ya kutema au kumeza, inamisha kichwa kidogo ukiwa umefunga mdomo na uhesabu sekunde mpaka mate yaache kububujika. Katika chupa nzuri yataendelea kwa sekunde kumi au zaidi bila meno kulalamika.

Baada ya asidi, tafuta chumvi. Utaikuta katikati ya ulimi na kwenye midomo, hafifu, na ndiyo inayowafanya watu wauite mvinyo wa bahari. Wengi husema ni upepo wa Ghuba ya Biskaya uliopulizia zabibu. Maelezo hayo yanapendeza, lakini siyategemei, kwa kuwa hisia hiyo hujitokeza pia katika mivinyo ya Araba iliyolimwa mbali na mawimbi. Ukosefu wa sukari, asidi nyingi na gesi vikikutana huweza kutosha kuileta. Kwa pamoja, asidi na chumvi hizo mdomoni ni embe bichi lililochovywa chumvini, na aliyelila utotoni anao tayari msamiati wa mvinyo huu hata kama hajawahi kuuonja.

Mwisho hufika uchungu, mdogo, wa maganda ya balungi, karibu na koo. Ukiwepo kwa kiasi humalizia funda vizuri na kuuzuia mvinyo usiwe maji ya ndimu matupu. Ukitawala, huenda zabibu zilikamuliwa kwa nguvu mno. Usitarajie ladha idumu mdomoni kwa dakika nzima. Txakoli ya kawaida huondoka mapema, na anayeipunguzia alama kwa sababu hiyo anailaumu kwa jambo ambalo halikukusudiwa. Ninachokitafuta mimi katika sekunde hizo za mwisho ni usafi: je, kilichobaki ni mate na chumvi, au kuna kitu kichafu, cha chuma au cha majani yaliyooza?

Rudia funda la pili ukivuta hewa kidogo kupitia midomo iliyobanwa. Hapo utapima uzito. Mvinyo wa kileo cha asilimia 11 hauna budi kuwa mwepesi, lakini wepesi si utupu; katikati ya mdomo, kati ya asidi ya mwanzo na uchungu wa mwisho, panatakiwa pawepo tunda. Chupa za bei ndogo mara nyingi huanguka hapo: zina mwanzo na mwisho, katikati hakuna kitu.

Hatua ya saba: kumimina kutoka juu

Sasa chukua bilauri pana. Katika baa za Gipuzkoa mhudumu huinua chupa na kuuacha mvinyo uanguke kutoka juu, na wageni hupiga picha wakidhani ni mchezo wa kuwafurahisha. Kwa mvinyo wenye gesi mchezo huo una kazi. Mvinyo unapogonga kitako cha bilauri gesi hutoka kwa wingi, mchomo hupungua, harufu hubebwa juu na viputo, na ukali wote unalainika kwa muda mfupi.

Simama karibu na sinki au nje. Shika bilauri usawa wa kiuno, ukiiinamisha kidogo, na anza kumimina mdomo wa chupa ukiwa karibu na ukingo. Mkondo ukishatulia inua chupa polepole mpaka umbali wa sentimita 30 hadi 50. Hakuna haja ya kunyoosha mkono juu ya kichwa. Hiyo ni desturi ya sida, mvinyo wa tufaha, huko Asturias, magharibi zaidi kwenye pwani hiyo hiyo. Mkondo uwe mwembamba na ugonge ukuta wa ndani karibu na kitako. Acha kumimina mvinyo unapofika kimo cha vidole viwili. Utaona povu jeupe, jepesi, likitanda juu na kufifia ndani ya sekunde chache likivuma kwa sauti ndogo ukiweka sikio karibu. Baadhi ya baa hutumia kizibo maalumu cha kumiminia kinachoukata mkondo, nacho kinamfaa asiyetaka kulowesha viatu.

Kunywa mara moja, kabla dakika haijaisha, kisha rudi kwenye glasi yenye mguu na ulinganishe. Kwa txakoli ya Getaria naona bilauri hushinda karibu kila mara: tunda lililojificha nyuma ya gesi hujitokeza, na ukali hukaa mahali pake. Kwa txakoli ya Bizkaia iliyokaa juu ya mashapo, ambayo tangu mwanzo haina gesi ya kutosha, kuimimina kutoka juu ni kuipotezea harufu bila kupata faida yoyote, hata kama mhudumu anasisitiza kwamba ndiyo mila.

Hatua ya nane: kuionja pamoja na chakula

Hukumu iliyotolewa kabla ya hatua hii ni ya nusu. Kitafunwa kinachofaa zaidi kwa kipimo ni gilda, kinachopatikana kwenye kaunta za baa za Donostia (San Sebastián), mji wa Gipuzkoa, na miji ya jirani: kijiti chenye zeituni ya kijani, pilipili ndefu isiyo kali iliyolala kwenye siki, na kipande cha anchovi, samaki mdogo wa baharini aliyehifadhiwa kwa chumvi na mafuta. Chumvi, siki na mafuta hivyo vitatu huangamiza mivinyo mingi. Tafuna kwanza, kunywa chakula kikiwa hakijamezwa chote, na uone kinachotokea: chumvi ya samaki huufanya mvinyo uonekane mtamu kuliko ulivyokuwa, asidi huyasafisha mafuta kwenye kaakaa, na tunda lililokuwa hafifu huongezeka. Chupa uliyoidhania kali mno mara nyingi hukubalika hapa. Ikiwa bado inakera hata kwa gilda, ndipo useme kwamba ni mbaya.

Chaza wabichi, ngisi wa kukaanga, jodari wa kopo, na samaki bapa mzima aliyechomwa kwa makaa kama wafanyavyo Getaria, vyote vinafaa. Katika jiko la pwani yetu, samaki wa kukaanga aliyekamuliwa ndimu, au kamba waliochomwa kwa chumvi tu, watapatana nayo bila shida. Vyakula vya tui zito siviafiki, kwani utamu na mafuta ya nazi huuacha mvinyo huu ukiwa maji. Na pilipili kali huzidishwa na gesi hata mtu asisikie kingine. Nyama nyekundu iachwe.

Hatua ya tisa: kulinganisha mikoa mitatu

Ukipata wenzako wa kugawana gharama, fungua chupa tatu za mwaka mmoja, moja kwa kila mkoa, zote zikiwa na joto sawa. Anza na Getaria. Bizkaia mara nyingi itakuwa na gesi kidogo, uzito zaidi katikati ya mdomo na harufu iliyo wazi zaidi, kwa sehemu kwa sababu huko hutumika sana pia Hondarrabi Zuri Zerratia, zabibu ambayo Wafaransa huiita Petit Courbu. Araba, iliyo bara katika bonde la Aiara, mara nyingi huonyesha tunda lililoiva kidogo zaidi. Tofauti kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, hata hivyo, huweza kuzidi tofauti kati ya mkoa na mkoa, hivyo funika lebo kwa karatasi na ubashiri kabla ya kutazama.

Chupa ya nne ya kuweka pembeni iwe mvinyo mweupe mkavu ulioiva kwenye jua kali. Chenin Blanc ya Dodoma inafaa sana kwa kazi hiyo. Ionje baada ya txakoli, si kabla. Kwa kutofautisha namna asidi inavyoingia na kutoka katika hizo mbili utajifunza kwa dakika tano jambo ambalo maelezo marefu hayawezi kulifikisha.

Katika daftari, andika kwa mpangilio wa mdomo na si wa pua: gesi, asidi, tunda la katikati, chumvi, uchungu, sekunde za mate, kisha kitafunwa kilichotumika na kama mvinyo ulibadilika baada yake. Harufu iandikwe mwishoni, kwa maneno matatu. Alama za kati ya mia sizipendekezi kwa mvinyo huu. Andika tu kama ungeinunua tena, na kwa chakula gani.

Chupa iliyobaki ifungwe kwa kizibo imara na kurudishwa jokofuni ikiwa imesimama. Gesi itapungua sana kufikia kesho yake, kwa hiyo usiionje tena ili kuihukumu. Siku ya pili inafaa kwa kunywewa na samaki. Baada ya hapo itie kwenye sufuria ya kome pamoja na kitunguu saumu, funika, na iache ichemke mpaka makombe yafunguke.